Mwaka Tulipochungulia Kibuyu cha Bi Kabula

Wiki iliyopita Nyamizi alinipigia simu akasema, "Shoga, chemsha maziwa, nakuja na mgeni." Nikadhani mgeni ni mjukuu, au labda mchumba wa binti yake, nikafagia uwanja mpaka nyuma ya choo. Aliposhuka kwenye bodaboda hapa Isevya, Tabora, alikuwa peke yake, amekumbatia kapu kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ya kapu, kimeviringishwa kwa khanga mithili ya mtoto mchanga, kulikuwa na kibuyu. "Mgeni ndiye huyu," akasema, "mkaribishe vizuri, ana miaka mingi kuliko wewe." Nilicheka mpaka jirani akachungulia. Tulikuwa hatujaonana tangu tulipomzika Mwalimu Joha, aliyetufundisha sote wawili, na siku ile ya msiba hatukupata nafasi hata ya kuketi. Sasa tukaketi. Na kibuyu kikiwa katikati yetu juu ya mkeka, mwaka ule wote ukarudi kwa kishindo, mwaka wa hadubini, wakati mimi na yeye tulikuwa wasichana wa ishirini na kitu, na mambo madogo kuliko vumbi yalitunyima usingizi kwa furaha.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana tofauti na ya watu wengine. Naomba pia niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa darasa la saba. Huwa naandika kidogo kila siku, nani kapita, tumekula nini, mvua imeanguka wapi, na mara nyingi nikisoma kesho yake naona nimemwonea mtu. Kwa hiyo hapa nitajitahidi kila mmoja apate haki yake, hasa Bi Kabula, mwenye kibuyu wa kwanza, ambaye hayupo tena kunisahihisha. Na mambo ya sayansi nitayaeleza kama nilivyoyaelewa. Kama nimekosea, Mwalimu Joha hana lawama. Yeye alieleza vizuri.

Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha fundi cherehani mmoja hapa hapa Isevya. Tulikuwa wanawake watupu, tuliomaliza shule ya msingi na kukwama, tukijiandaa kufanya mtihani wa sekondari kama watahiniwa wa kujitegemea. Chumba kilikuwa na mabenchi ya mninga, ukuta wa rangi ya kijani uliobanduka, na kwenye kona zilipangwa ndoo za asali za mwenye nyumba, basi nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kama wanafunzi wasiolipa. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na cherehani, na maneno ya wateja tuliyasikia yote. Nakumbuka siku Mwalimu Joha anatufundisha utando wa seli, jinsi unavyochagua nini kiingie na nini kibaki nje, mama mmoja huko upande wa pili akafoka, "Fundi, humu mimi siingii! Umeshona gauni au gunia la tumbaku?" Mwalimu akaelekeza kidole ukutani, akasema, "Mmesikia? Huo ndio utando. Si kila mtu anaingia." Hatujausahau utando mpaka leo.

Mwalimu Joha alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kutembea, mtandio wake hautulii kichwani. Alikuwa akifundisha sekondari asubuhi, na saa za mapumziko anakuja kwetu mbio. Hadubini aliiazima kwa padri mmoja mzee wa upande wa Kipalapala, chombo cha chuma kizito chenye kioo cha kumulika chini yake. Haikuhitaji umeme. Ilihitaji jua. Ule mwanga wa dirishani ulikuwa lazima ugonge kile kioo ndipo uone kitu, hivyo somo la hadubini lilikuwa kabla tu ya mchana, jua likiwa limepanda, na wingu likipita sote tunaguna pamoja kama watu wa mpira waliokosa goli. Kitu cha kwanza kutuonyesha kilikuwa ngozi ya kitunguu, ile nyembamba iliyo katikati ya maganda, yenye tone la ayodini juu yake. Niliinama nikitegemea kuona kitunguu kikubwa. Nikaona ukuta wa tofali. Tofali juu ya tofali, zimepangwa na fundi asiye na haraka, na ndani ya kila tofali kuna nukta ya kahawia. "Kila tofali ni chumba," alisema Mwalimu. "Hicho chumba ndicho seli. Ile nukta ni kiini, ndiyo inayotoa amri." Nilitoka pale nikaenda kusimama uani. Nilikuwa nimekata vitunguu tangu utoto, na kumbe nilikuwa navunja nyumba.

Siku iliyofuata tulijikwangua wenyewe shavu kwa ndani, kwa kijiti cha kusafishia meno. Nyamizi ndiye aliyeinama wa kwanza, maana alikuwa hajui kusubiri. "Mwalimu, mimi sina ukuta!" alipiga kelele. Kweli, seli zake zilikuwa kama chapati zilizotupwa ovyo, utando tu na kiini, bila tofali. Mwalimu akafurahi kupita kiasi. "Mti una ukuta kwa sababu haukimbii," alisema, "mnyama ana utando kwa sababu anakimbia. Nyamizi, wewe ungekuwa na ukuta ungekuja darasani lini?" Naye Nyamizi alikuwa kweli anakuja mbio kila siku, kwa sababu alikuwa ameolewa. Mumewe, Masanja, alikuwa shambani Goweko kwenye tumbaku, na yeye aliishi hapa mjini na mama mkwe wake, Bi Kabula, ambaye alikuwa akiuza maziwa ya mgando barazani. Bi Kabula ndiye aliyempa ruhusa ya kusoma. Alimpa kwa sharti moja: kazi za nyumba zisilale. Nasema hili kwa kuwa watu wengi baadaye walimfanya Bi Kabula mtu mbaya wa hadithi. Wakwe wengi wa wakati ule wasingetoa ruhusa hata hiyo ya sharti.

Nilikuwa nakwenda kwake kila siku tukitoka darasani. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha giza kilichonukia moshi, na humo kilining'inia kibuyu chake kikubwa, cheusi kwa kuzeeka, shingo imeshonwa kwa ngozi. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukitelemshia na mgando wake ambao ulikuwa mzito, mchachu kiasi cha kukufumba jicho moja, na ukimaliza unataka tena. Kibuyu kile hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Kilisuuzwa kwa maji, kikafukizwa moshi, na kila mara maziwa kidogo ya jana yaliachwa chini kupokea ya leo. Hayo yaliyoachwa wao waliyaita mbegu. Kibuyu kikipasuka, mbegu inahamishiwa kingine. Binti akiolewa, mama yake anammiminia mbegu aende nayo, na mbegu ikishatoka haiombwi tena na mama. Mama akiiomba, ni kama anaivunja nyumba ya mwanawe. Bi Kabula alikuwa akisema bibi wa bibi yake aliuza maziwa kwa wapagazi waliokuwa wakipita kwenda Ujiji na kurudi pwani, na kwamba mbegu ni ile ile. Sina hakika. Tabora kila nyumba ina mpagazi wake. Lakini alivyokuwa akisema, mkono juu ya kibuyu, usingethubutu kubisha.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo Nyamizi alinieleza kwa sauti ya chini tukiwa tunapeta mchele. Yeye alikuwa hajapewa mbegu yake. Mkwe anaweza kumpa mke wa mwanawe mbegu siku atakapomwona ameiva, na siku hiyo ilikuwa haijafika. "Nachota, nauza, nasuuza," alisema, "lakini ni mlinzi tu, Salome. Si changu."

Tumbaku ilipoiva Bi Kabula akaenda Goweko kumsaidia mwanawe kuchambua majani. Nilikuwepo siku anaondoka. Alimwambia Nyamizi, "Hicho kibuyu usikiache na njaa. Kila siku kipe maziwa. Ukikisahau siku mbili kitanuna." Nyamizi akaitika, "Sawa, mayu," ndivyo alivyomwita, kwa lugha ya nyumbani, yaani mama.

Darasani wakati huo tulikuwa tumeingia kwenye bakteria. Mwalimu alitufundisha kwanza wale wanaoleta magonjwa, kipindupindu na homa ya matumbo, kwa sababu ndio wanaoulizwa sana kwenye mtihani. Tuliweka vipande vya ugali kwenye mabakuli yaliyofunikwa, kimoja kimeguswa kwa mkono mchafu, kingine kwa mkono ulionawa kwa sabuni, na baada ya siku chache kile cha mkono mchafu kilikuwa na manyoya ya kijivu na madoa ya njano. Tulipiga mayowe. Tulinawa mikono wiki nzima mpaka ikachubuka. Kisha Mwalimu akasema kila mtu alete kitu cha kuchacha kutoka jikoni kwake. Mama mmoja alileta machicha ya wanzuki, pombe ya asali, na ndani yake tukaona chachu, viduara vinene, na baadhi vilikuwa vinachipua mtoto ubavuni. "Huyu anazaa bila mume," Mwalimu alisema. "Heri yake!" akajibu yule mama, tukaangua kicheko mpaka fundi akagonga ukuta.

Nyamizi akawa ameleta mgando wa kibuyu. Mwalimu alipaka tone kwenye kioo, akalipitisha juu ya moto wa mshumaa likakauka, akalitia dawa ya zambarau, ile ile tunayopaka watoto wenye vidonda mdomoni, akasuuza. Sote tukachungulia kwa zamu. Loo! Vijiti. Vijiti vya zambarau, vimeungana kama mabehewa ya treni, na shanga ndogo ndogo, maelfu, hakuna pa kuweka sindano. Nyamizi alisimama akiwa amefunika mdomo. "Hawa nao ni bakteria?" aliuliza. "Hawa nao ni bakteria," alijibu Mwalimu, na macho yake yaling'aa, nakumbuka, yaling'aa kwa sababu sehemu tamu ilikuwa ndiyo inakuja. "Lakini sasa sikilizeni..." Na hapo hapo wingu likafunika jua. Kioo kikafa. Lilikuwa wingu la mvua kubwa, na mvua yenyewe ikapiga bati kwa nguvu hata hatukusikiana. Mwalimu akatufanyia ishara ya mkono: kesho. Kila mtu akakimbilia nguo zake kwenye kamba.

Nyamizi alikimbia na nusu ya somo. Hilo ndilo lililotokea, na nimelifikiria mara nyingi nikitafuta mwenye kosa. Mwalimu alianza na wabaya kabla ya wema. Nyamizi hakujua kusubiri. Wingu nalo lina sehemu yake. Alichojua Nyamizi ni kwamba nyumbani kwao kuna kibuyu kisichooshwa kwa sabuni, kimejaa bakteria, na mama mkwe wake na wateja wa baraza zima wanakunywa. Alimpenda mama mkwe wake. Watu wanasahau hilo. Akachemsha sufuria la maji, akatia sabuni ya unga, akakisugua kibuyu kwa mchanga na maganda ya mahindi mpaka ndani pakawa peupe. Kesho yake aliniita kwa furaha nije nione. "Nusa," aliniambia. Kilinukia kama shati jipya. Akamimina maziwa mabichi, akafunga, tukasubiri yagande.

Hayakuganda. Yalijitenga, maji juu na vibonge vya kijivu chini, yakawa machungu, yana povu la sabuni na harufu ya kitu kilichofia ukutani. Tukayamwaga. Ya siku ya pili vile vile. Na darasa halikuwepo, mvua ilikuwa imemzuia Mwalimu, kwa hiyo hatukuwa na wa kumuuliza. Bi Kabula akarudi kutoka Goweko na mzigo wake wa karanga, hata hajaweka kitenge begani vizuri akaingia kwenye kile chumba, akafungua kibuyu, akanusa. Kisha akatoka mlangoni akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha:

"Nani kamuua?"

Nyamizi alipiga magoti akasema kila kitu, maji ya moto, sabuni, bakteria, hadubini. Hakujificha hata kidogo. Bi Kabula alisikiliza mpaka mwisho. "Basi," alisema. "Hiyo shule imekwisha. Jumamosi kuna gari la Goweko. Utakwenda kwa mumeo mkachambue tumbaku, huko hakuna kitu cha kuua." Hakupiga kelele, hakumtukana. Aliingia ndani akalala, naye alikuwa mtu asiyelala mchana. Nilipomuaga, nilisikia analia. Alikuwa hamlilii Nyamizi.

Nilikwenda mbio kwa Mwalimu Joha. Sikusubiri mvua ikatike. Nilipomweleza alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nusu!" alisema. "Nimewapa nusu!" Akavaa viatu visivyofanana, sitanii, kimoja cheusi kimoja cha kahawia, tukaenda naye mpaka kwa Bi Kabula. Ile sehemu ya pili ya somo, nilikuja kuisikia pale barazani, mimi, Nyamizi na Bi Kabula tukiwa wanafunzi wake, mvua ikimiminika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa sabuni?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kumaliza somo."

"Maliza. Kibuyu kimeshamalizika."

Mwalimu hakukasirika. Alieleza kwamba bakteria ni kama watu wa mji, wezi wapo ila wengi wana kazi zao. Wale wa kwenye mgando wanakula sukari iliyomo ndani ya maziwa, wanatoa uchachu, na uchachu huo ndio unaoyagandisha. Tena uchachu unawafukuza wengine. Waliokwishajaa ndani hawampi nafasi mgeni. Ukiwaua wale, nyumba inabaki tupu, na kwenye nyumba tupu anaingia yeyote. Bi Kabula alikuwa anatazama mvua. "Kwa hiyo nilikuwa nafuga," alisema mwishowe. "Ulikuwa unafuga, mama." "Hilo nilijua. Ulichoniongezea ni jina." Nikaona Mwalimu anatabasamu, nikajua hajaumia. Kisha akauliza swali lililokuja kutuokoa: je, mbegu ile kuna mtu aliwahi kupewa?

Bi Kabula aliendelea kutazama mvua. Nyamizi ndiye aliyesema, polepole, "Wifi Nyanzala."

Nyanzala alikuwa binti wa Bi Kabula, ameolewa kwenye mashamba ya upande wa Kipalapala. Mama na mwana walikuwa hawasemezani. Chanzo ni hicho hicho kibuyu: mtoto wa Nyanzala aliugua, zahanati wakamwambia asinyweshe watu maziwa mabichi, akaanza kuyachemsha na kuyaacha yapoe kabla ya kuyamimina. Bi Kabula aliposikia alisema binti yake anakilisha kibuyu maiti. Maneno yakapanda, na hayakushuka tena. Mwalimu alitazama chini akasema kwa upole, "Hapo, mama, binti alikuwa sawa. Maziwa mabichi yanaweza kuja na ugonjwa wa ng'ombe mwenyewe. Ukichemsha wanakufa wote, wabaya na wema. Halafu mbegu inaleta wema peke yao." Nilidhani Bi Kabula atatufukuza. Alisema tu, "Mimi siwezi kumwomba. Mbegu hairudi kwa mama." Na kweli kwa mila yao hakuweza. Ndipo Nyamizi akainua kichwa, na hapa ndipo nilipomwona mtu tofauti. "Wewe huwezi, mayu," alisema. "Lakini mimi ni mke wa nyumba hii na sijapewa yangu. Wifi anaweza kunipa. Mimi naweza kudai."

Ijumaa asubuhi mimi na Nyamizi tukaenda kwa baiskeli ya fundi, mmoja anaendesha mwingine anapumzika nyuma, matope hadi magotini. Nyanzala alikuwa anapepeta mtama uani. Alimtazama wifi yake kuanzia kichwani mpaka kwenye matope.

"Karibu, mwosha vibuyu." Habari zilikuwa zimetutangulia, kama kawaida.

"Ahsante, wifi."

"Umekuja kuomba au kudai?"

"Kudai."

"Hapo sawa. Ungeomba ningekupa maji ya kunywa urudi." Akaacha ungo, akacheka, halafu ghafla macho yakajaa machozi. "Mama anaendeleaje?" Alitupa ugali wa mtama na mlenda, akakaa karibu na Nyamizi akamhoji habari zote za hadubini, kisha akaleta kibuyu kidogo kipya, akamimina mbegu kutoka chake, akakiziba kwa kigunzi cha hindi. "Mwambie ni ya maziwa ya kuchemsha," alisema. "Simfichi. Akitaka aimwage."

Tuliporudi darasani Mwalimu alikuwa anatusubiri, hadubini ipo dirishani. Jua lilikuwa limetoka, jua la baada ya mvua, kali na safi, na Bi Kabula alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele kati ya ndoo za asali, kilemba kimefungwa vizuri kama mtu aliyeitwa barazani. Mzigo wa Nyamizi wa kwenda Goweko ulikuwa umefungwa nyumbani, nilikuwa nimeuona. Mwalimu alipaka tone moja bila rangi ili Bi Kabula awaone wakiwa hai. Alimshika bega akamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Tukasubiri. Nyuki mmoja alimtua kwenye kilemba na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

"Wanatikisika," alisema Bi Kabula.

"Hawaogelei," Mwalimu alisema, "maji ndiyo yanawasukuma. Lakini wako hai."

"Wanazaaje?"

"Mmoja anajigawa katikati, wanakuwa wawili. Wale wawili wanakuwa wanne. Kwa hiyo, mama, mzee hafi akamwacha kijana. Mzee mwenyewe ndiye anayekuwa vijana wawili. Kama bibi wa bibi yako aliwapa wapagazi maziwa ya mbegu hii, basi walio hapa hawakusimuliwa ile njia, walikuwepo wenyewe. Ukoo wao haukukatika toka kule."

Lazima niseme ukweli, Mwalimu aliongeza papo hapo kwamba hadubini haiwezi kuthibitisha kuwa ni wale wale. Inaonyesha umbo tu, vijiti na shanga, na maumbo hayo yapo kwenye vibuyu vingi. Hakutaka kumdanganya hata ili kumwokoa Nyamizi. Lakini Bi Kabula hakuwa anasikia tena. Alikuwa bado ameinama, mikono imeshika kingo za meza. "Kumbe ni wakubwa zangu," alisema. Na pale, kwenye kile kioo, kwa adabu zote, akasema: "Shikamooni."

Hakuna aliyecheka. Hata cherehani ilinyamaza, nadhani fundi alikuwa ameweka sikio ukutani.

Kisha akainuka, akachukua kile kibuyu kidogo kutoka mikononi mwa Nyamizi, akamimina kidogo kiganjani, akalamba. Akafumba jicho moja. Sisi tulikuwa tumesimama kama watu wanaosubiri matokeo, na kwa kweli ndiyo yalikuwa matokeo, hakuna mtihani mwingine wa mwaka ule niliousubiri kwa hamu kiasi kile. Akalamba tena. "Mpole kidogo," alisema. "Hajazoea shida. Lakini ni wetu." Akakirudisha kibuyu mikononi mwa Nyamizi, si kwenye kapu, si mezani, mikononi, akavikunja vidole vyake juu yake. "Chako. Mimi nitakuwa nachota kwako." Tukatoka. Alipofika mlangoni akageuka akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Nyamizi, Jumatatu ukiwa darasani niulizie. Hawa huwa wanalala?"

Jumatatu! Nyamizi aliruka akaipiga ndoo ya asali teke, mpaka leo sakafu ile naamini inanata. Jumamosi gari la Goweko liliondoka na mtu mwingine. Na mwezi uliofuata Nyanzala alikuja mjini na watoto wake, akakaa barazani kwa mama yake, wakabishana kuhusu maziwa ya kuchemsha mpaka jioni, na hapo nikajua wamepatana.

Nyamizi alifaulu, akasomea maabara, na amestaafu juzi tu baada ya kuchungulia damu na mate ya watu karibu maisha yake yote. Mimi Biolojia ilinikwepa kwa kidogo, nilifaulu Kiswahili, nikabaki hapa nikauza mchele, na sioni kama nilidhulumiwa. Wakati mwingine nasongwa na wasiwasi kwamba nilichokipata mwaka ule ni kidogo sana kuwekwa kwenye maandishi. Halafu nakata kitunguu, na pale pale ninasimama na kisu mkononi.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilichemsha maziwa, nikayaacha yakapoa mpaka kidole kinavumilia. Nilimuuliza Nyamizi mbegu hii inawezaje kuja kwangu, mimi si binti wala mkwe wa nyumba ile. Alikuwa anafungua khanga. "Mayu alisema mwenyewe kabla hajafa," alijibu. "Alisema, yule msichana aliyekimbia kwenye mvua, siku moja mpe." Alimimina mbegu kwenye kibuyu changu kipya, nami nikamimina maziwa juu yake, tukakiziba. Nyamizi akaenda kujinyoosha chumbani, amechoka na safari. Nilipobaki peke yangu nilikiinamia kile kibuyu. Najua si sayansi, na Mwalimu Joha angetikisa kichwa. Lakini hakuwepo mtu, basi nikasema kwa sauti ya chini, "Shikamooni."

Asubuhi nilikifungua. Maziwa yalikuwa yameganda, mazito, yamejaa mpaka shingoni. Nimeyahesabu kuwa ndiyo marahaba.